Tupeane uzoefu: magemu ya kujaza rangi kwenye vyumba, unatobolea wapi?

MkaaFoleni
Wakuu salaam. Jana benki, mbele yangu dogo mmoja anacheza lile la vitone, anaunganisha kwa mstari vitone viwili vya rangi moja bila hata kufikiri, vyumba vyote vinajaa, anaruka ngazi inayofuata. Mimi ngazi kama ile ilinikalisha wiki nzima. Nikaona aibu nikafunika simu yangu.
Haya, wachezaji wa vitone, wa kumwaga rangi kutoka kona (unachagua rangi, eneo lako la kona linageuka rangi hiyo na kumeza vyumba jirani vya rangi hiyo, mpaka uwanja wote uwe rangi moja), na wale wa namba pembeni, mwageni siri. Na kama limeshakutia matatani sema usaidie wenzio.

KombeLaPwani
Vitone: anza ukutani. Rangi ikiwa na vitone vyake viwili pembezoni na hakuna kitone kingine kati yao, mstari utambae na ukuta. Ukikatisha katikati umegawa uwanja, nyekundu moja inabaki huku mwenzake kule, na mistari haipishani. Hapo hata ulie.

ShangaziKaja
Na kona jamani. Chumba cha kona kina milango miwili tu. Kama hakina kitone, mstari ulioingia mlango huu utokee ule. Ukishaelewa hapo nusu ya kazi imeisha.

DogoWaMbagala
mi nachora ovyo tu mpaka ikubali 😂 na nafika mbali kuliko nyie wenye kanuni

NambaPembeni
Vitone na kumwaga rangi ni vya kupitishia muda. Gemu lenye akili ni la namba pembeni, wanaita nonogramu. Mwaka 1987 mama mmoja wa Kijapani, Non Ishida, alishinda shindano Tokyo kwa kuchora picha kwa taa za madirisha ya maghorofa, hili linawashwa lile linazimwa. Ndiko lilikoanzia, na jina limetokana naye. Mwenzake Tetsuya Nishio naye alibuni yake wakati huohuo bila kumtegemea. 1990 likaingia kwenye gazeti la Sunday Telegraph kule Uingereza.
Namba ya pembeni inakwambia upake vyumba vingapi mfululizo kwenye mstari ule; zikiwa namba mbili ni mafungu mawili yenye nafasi kati yake, na mwisho picha inatokea. Siri yake moja. Mstari una vyumba 10, namba ni 7. Usogeze wote kushoto: unashika cha 1 hadi cha 7. Usogeze wote kulia: cha 4 hadi cha 10. Vyumba vya 4, 5, 6 na 7 vimeshikwa kote kuwili, paka hivyo bila wasiwasi. Ukiona 3 na 4 kwenye mstari huohuo, hesabu 3, nafasi moja, 4, jumla 8. Umebakiwa na vyumba 2 vya kuchezea. Kwa hiyo chumba cha 3 ni cha uhakika, na cha 7 na cha 8 pia. Na muhimu kuliko kupaka: weka alama ya X pale unapojua hapana kitu. Wengi wanakwama kwa uvivu wa X.

DogoWaMbagala
yale ya vyumba vingi unabahatisha tu mzee usitudanganye

NambaPembeni
Lililotengenezwa vizuri lina jibu moja, unalifikia kwa hesabu. Ukibahatisha mstari wa kwanza, kosa unaliona mstari wa kumi na tano, na hujui ulianzia wapi kukosea.

DogoWaMbagala
ndo maana kuna kitufe cha kurudisha nyuma

JembeNaMpini
Watu wazima na ndevu zenu mnapaka rangi kama chekechea. Mvua hizi, limeni hata bustani ya mchicha.

ShangaziKaja
Wewe saa sita usiku humu ndani unapalilia?

MpwaWaMshenga
Huu uzi umenifukulia mambo. Posa ya kaka yangu, mjomba ndiye mshenga. Sisi tumetangulia Chalinze alfajiri na gari la jirani, yeye kapanda basi la Morogoro pale Mbezi, kanzu nyeupe imepigwa pasi, barua na hela ya kishika uchumba ziko mfukoni kwake. Kwao binti tulishaambiwa mapema, ukichelewa kuna faini. Sasa mwanangu usiku ule alikuwa amemwazima babu yake, huyo mjomba, simu yenye lile la kumwaga rangi, eti asichoke njiani.
Saa nne mjomba hayupo. Saa tano tunapiga, simu inaita tu. Wazee wa upande wa pili wametulia mkekani, mmoja anauliza kwa upole ule wa kutisha, "Mshenga wenu anakuja kwa miguu?" Mama ameanza dua kwa sauti, tunajua basi limepinduka. Kaka yangu amekaa nyuma ya nyumba, hataki kuongea na mtu.
Saa nane linasimama lori la mkaa barabarani. Anashuka mjomba. Ile kanzu, ungedhani ni ya fundi gereji. Kumbe basi limepita Chalinze, limepita Bwawani, yeye ameinamia simu, anagutuka konda akitangaza Mikese. Mabasi ya kurudi yamejaa, akadandia lori.
Akakaribishwa maji, akanawa, akakaa. Mzee wa upande wa binti akamuuliza, "Bwana mshenga, kulikoni?" Mjomba hajui kusema uongo. Akatoa simu akasema, "Nilibakiza hatua mbili."
Kimya. Mzee akavaa miwani, akaiomba simu, akaitazama weee, kisha akasema, "Hapa ungegusa kijani kwanza." Naye mchezaji! Faini lakini haikupungua: mbuzi mmoja na kreti mbili za soda.

KombeLaPwani
Nimecheka mpaka mke wangu kaamka.

JembeNaMpini
Chai. Mshenga hasafiri peke yake hata siku moja, lazima awe na msaidizi.

MpwaWaMshenga
Kwenu labda. Msaidizi wake tulikuwa sisi tuliotangulia.

ShangaziKaja
Tuache ubishi, binti alitolewa?

MpwaWaMshenga
Ndoa ilifungwa. Mahari ndiyo bado wanadaiwa.

BintiPangani
Naomba kuuliza nje ya posa. Baba yangu hatofautishi nyekundu na kijani, anapenda vitone lakini anakwazika. Kuna njia?

NambaPembeni
Ingia kwenye mipangilio ya gemu. Baadhi yanaruhusu herufi juu ya vitone, anafuata A kwa A. Au mpe la namba pembeni la nyeusi na nyeupe, atakushukuru.

MkaaFoleni
Na matangazo je? Kila ngazi napigiwa tangazo la mkopo.

KombeLaPwani
Zima data.

DogoWaMbagala
langu ukizima data halifunguki kabisa, lipia au vumilia

KonaYaChini
Mimi ni wa kumwaga rangi, hamjanitendea haki. Ile ya kawaida ni vyumba 14 kwa 14, rangi 6, hatua 25. Kosa la wengi ni kuchagua kila mara rangi itakayowapa vyumba vingi sasa hivi. Unanenepa kwenye kona yako huku upande wa pili haujaguswa. Chagua inayokufungulia njia hadi katikati, hata kama inakupa vyumba viwili, maana ukiwa katikati unagusana na kila mtu. Halafu ukiona rangi fulani vyumba vyake vyote vilivyobaki vinakugusa, imalize, uwe umepunguza adui mmoja. Mwishoni hesabu: zikibaki rangi nne mbali na yako na hatua tatu, usijisumbue, anza upya. Kila rangi inakula hatua moja angalau.

ShangaziKaja
Hiyo ya kuhesabu rangi sikuijua. Miaka yote napambana na mechi niliyokwisha fungwa.

DogoWaMbagala
ila yule mzee alisemaje kijani kwanza bila kuhesabu?

KonaYaChini
Mpwa, muulize mjomba kijani kilikuwa upande gani. Bila ramani hatuwezi kumhukumu mzee wa watu.

MpwaWaMshenga
Mjomba simu alishairudisha kwa mwanangu. Hataki kuiona.