Mashine ya nyasi yazima nikifungua choki. Kweli ni kabureta?

Mtunza bustani, Nyali
Assalaam aleikum. Naangalia bustani ya nyumba moja Nyali, karibu na ufuo. Mashine ni ile ya kusukuma, ya petroli tupu, si ya kuchanganya na oili. Kaskazi yote ilikaa stoo kwa kuwa nyasi zilikauka. Sasa masika yameingia, nyasi zafika magotini, na mashine haitaki kazi. Choki ikiwa imefungwa yawaka. Nikiifungua tu, yakohoa kidogo, yazima. Fundi alikuja, hakufungua hata skrubu moja, akasema kabureta imekufa inunuliwe nyingine. Kabla sijamwambia tajiri atoe pesa, nauliza wajuzi. Na oili mwabadilisha wakati gani? Yule fundi alinambia "ikiwa nyeusi."

Fundi wa Mwembe Tayari
Waaleikum salaam ndugu yangu. Usinunue kitu bado. Choki hubana hewa; ikiwa injini yawaka kwa choki peke yake, basi petroli inayofika ni haba. Ile iliyolala ndani ya kabureta imevukiza na kuacha utomvu, na utomvu umeziba jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli.

Kwanza chomoa kepi ya plagi, mkono usije ukakutana na kisu kinachozunguka. Funga koki ya petroli; kama haina, mwaga tangi kwenye dumu. Chini ya kabureta utaona kikombe kimeshikwa na bolti moja. Weka kopo, fungua taratibu. Kikitoka kimaji cha kahawia chenye harufu ya vanishi, umempata mwizi wako. Jeti iko katika nguzo ya katikati, na kwenye injini nyingine ni ile bolti yenyewe, ina vitundu ubavuni. Ipulizie dawa ya kabureta, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliouchomoa kwenye waya wa umeme. Usipitishe sindano: itapanua tundu, halafu mashine itakunywia petroli na kufuka moshi mweusi. Ukirudisha kikombe, mpira wake ukae sawa, na utie petroli mpya.

Sasa oili. Rangi haikwambii kitu, hesabu saa za kazi. Injini hizi ndogo nyingi hazina filta ya oili, kwa hivyo uchafu wote wabaki mle mle. Ikiwa mpya, oili ya kwanza hutolewa mapema, saa 5 hadi 20 kulingana na aina; baadaye kila saa 50 au 100, kitabu chake kitasema. Kwa joto letu la pwani mimi hutia oili ya uzito wa SAE 30. Hata 10W-30 yafaa, ila joto likipita digrii 27 baadhi ya injini huila haraka, basi pima kwa kijiti kila mara kabla ya kuwasha. Imwage ingali na joto. Na ukiilaza mashine, upande wa filta ya hewa utazame juu, la sivyo oili itaingia kwenye filta.

Mama Shamba, Mtwapa
Fundi umesahau filta yenyewe! Ya sponji yaoshwa kwa sabuni, yakaushwa vizuri, yapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Ya karatasi haioshwi ng'o. Igongegonge vumbi litoke, ikichanika nunua. Vijana wangu walitaka kuiloweka kwenye beseni na nguo.

Mtunza bustani, Nyali
Shukran ami, shukran mama. Jeti ilikuwa imeziba kabisa, sasa mashine yanguruma bila choki. Lakini plagi ilitoka na kutu kwenye nyuzi zake za kufungia. Ni chumvi ya bahari?

Fundi wa Mwembe Tayari
Naam, na stoo ikiwa wazi upande wa upepo ndio zaidi. Isugue kwa brashi ya waya. Mwanya wa plagi, injini nyingi hizi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Msimu ukiisha, funga petroli uiache injini ingurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Toa plagi, tia kijiko kidogo cha oili katika silinda, vuta kamba polepole mara mbili tatu, rudisha plagi. Kisu na sitaha, lile bamba linalokifunika, vikwanguliwe nyasi upande wa chini, vipanguswe kwa kitambaa chenye oili. Usiifunike nailoni, jasho hubaki ndani, gunia latosha.

Mtunza bustani, Nyali
Na ile slasha ya kuning'iniza begani, nayo ni SAE 30?

Fundi wa Mwembe Tayari
La! Hiyo hutiwa oili yake ya tustroki (ya injini za mipigo miwili) ndani ya petroli. Kitabu kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa kila lita. Changanya kwenye dumu, si ndani ya tangi, na uchanganye ya kazi ya wiki chache tu.