Wikendi tulivu na ndege wa bustanini, tupeane uzoefu

#1
Wakuu habari za wikendi. Naomba tuongelee ndege wanaokuja uani kwetu, sio kuku na bata, nasema hawa wanaojileta wenyewe. Mi Jumamosi asubuhi kama hakuna kazi ya lazima natoa kiti nje nakaa. Zamani nilikuwa naona vindege tu, siku hizi nawajua shomoro, tetere, chozi, na kuna kigong'ota anakuja kugonga ule mti mkavu wa jirani. Na hapo nje ndo nimefahamiana na watu wa kijijini, maana kila anayepita anasimama, anauliza unaangalia nini huko juu, mara mnajikuta mmeshafika kwenye habari za mashamba na mgonjwa wa nyumba ya pili. Kwenu vipi? Mnawafuatilia pamoja au kila mtu kivyake?

#2
Kwangu chozi kajenga kwenye kamba ya kuanikia nguo. Anayejenga ni jike, yule mwenye rangi iliyopoa, dume linalong'aa lenyewe lipo hapo linaimba na kufukuza wenzake. Kiota kinaning'inia, nyasi kavu na vipande vya magome vimeshikanishwa na utando wa buibui, tundu la kuingilia liko ubavuni na juu yake kuna kibaraza kadogo cha kuzuia mvua. Jirani yangu alivyosikia akaniambia mama wewe njoo uanike kwangu mpaka watoto watoke. Ndo naanika kwake mpaka leo, na stori hazituishi.

#3
Sisi tuna mti mkubwa njia panda umejaa mnana, wale ndege wanaofuma viota, na hapo ulitokea ubishi wa kweli. Wenye nyumba za karibu walitaka ukatwe, kinyesi juu ya bati, kelele kuanzia alfajiri, na majani ya matawi yenye viota yamechunwa yote, na kusema ukweli walikuwa na haki ya kulalamika sio wao tu wabaya. Tukakaa kikao hapo hapo chini ya mti. Mzee mmoja ambaye macho yamepungua ila masikio yako fiti akasema sikilizeni kwanza, humo ndani makinda yanalia, subirini yaruke ndo mpunguze matawi yaliyo juu ya mabati, mti wenyewe muuache. Tukakubaliana hivo, vijana wakachukua zamu ya kufagia chini kila wikendi na watoto wakapewa kazi ya kusikiliza viota. Sasa watoto ndo wamekuwa mashabiki wakubwa, maana dume anafuma na majani mabichi, akimaliza ananing'inia chini ya kiota anapiga mabawa kumuita jike, jike anaingia anakagua anavuta vuta kwa mdomo, asiporidhika anaondoka zake, na kile kiota kikikauka bila kupata mwenyewe dume anakifumua anaanza upya. Wakiona jike kaondoka wanasikitika kabisa jamani, wanaanza kumpa pole yule dume.

#4
Mnaotaka kufanya pamoja jaribuni kuhesabu. Uingereza wana zoezi la RSPB, shirika lao la kulinda ndege, tangu 1979, mwishoni mwa Januari watu wanakaa saa moja wanahesabu ndege wa bustanini. Kuna lingine la Februari lilianzia Amerika Kaskazini 1998, sasa hivi mtu anashiriki popote alipo. Siri ni kutojumlisha kila anayetua, kwa kila aina unaandika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa mpigo mmoja, maana tetere yule yule anaweza kwenda na kurudi asubuhi nzima. Tulifanya hivyo nyumba kwa nyumba halafu jioni tukakutana kulinganisha. Aliyeongoza ni bibi mmoja ambaye kona ya ua wake haifyeki, nyasi zimetoa mbegu na wadudu wamejaa humo. Wenye bustani zilizosafishwa mpaka udongo walipata wachache mno.

#5
Naomba msaada, kuna ndege kila asubuhi anapigana na kioo cha dirisha langu mpaka namuonea huruma, ana nini?

#6
Huyo anaona sura yake anadhani ni dume mwenzake kavamia eneo, hutokea sana kipindi cha kuzaliana. Funika kioo kwa nje na kitambaa au karatasi, kwa nje ndugu, pazia la ndani peke yake linaweza lisisaidie maana kioo bado kinaakisi. Baada ya muda ataacha.

Na kwa wote humu, maji yana nguvu kuliko chakula. Chombo kipana kisicho na kina, weka jiwe katikati wapate pa kusimama, badilisha maji kila siku, na kiwe mbali na kichaka ambacho paka anaweza kujificha. Halafu punguzeni dawa za kuua wadudu, hata shomoro anayekula mbegu makinda yake anayalisha wadudu, ukipulizia kila kitu na wao wanakosa cha kulisha.

#1
Asanteni sana wakuu, hilo la kuhesabu nalipeleka kwa majirani wikendi ijayo. #2 tupia picha ya kiota basi, ila usisogee sana, piga kwa mbali.