Tupeane uzoefu: unaishije na timu isiyotabirika?

Mbukwenyi wadau. Uzi huu ni wa sisi tunaoshabikia timu za mikoani, hasa hapa Dodoma na majirani zetu wa Singida.

Timu mbovu unaizoea. Unajua kabisa msimu huu ni wa kupigania kubaki Ligi Kuu, ukipata sare unashukuru Mungu. Inayoniumiza mimi ni timu inayombana mkubwa dakika tisini mpaka anahema, halafu wiki inayofuata inapigwa nyumbani na anayeburuza mkia. Inauma kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba uwezo wanao.

Kuna mechi haijanitoka kichwani. Tuko jukwaa la mzunguko, uwanja wa Jamhuri, jua la jioni linatupiga usoni, tunaongoza mbili bila hadi mapumziko. Kipindi cha pili timu nzima ikarudi nyuma. Beki wa kulia akaacha kupanda, kipa akawa anabutua tu, na mnaujua upepo wa Dodoma: kila mpira uliobutuliwa ulirudi pale pale mbele ya goli letu. Jukwaa zima tunapiga kelele "chezeni chini!", benchi kimya. Ikaisha mbili mbili. Goli la kusawazisha liliingia dakika za nyongeza, kwa kona ambayo nguzo ya mbali haikuwa na mtu. Mzee aliyekaa mbele yangu alikunja gazeti alilokuwa amelikalia, akalibana kwapani, akashuka ngazi bila kumsemesha mtu.

Hebu leteni ya kwenu. Na mnapata wapi moyo wa kurudi?

Mdau wa Nkuhungu: Kaka, mimi naanzia majukwaani. Akija Simba au Yanga, Jamhuri inajaa mapema, lakini tazama rangi: nyekundu, au kijani na njano, na waliovaa ni watu wa hapa hapa Majengo na Chang'ombe. Vijana wetu siku hiyo wanacheza kufa na kupona. Kamera zipo, na kila mchezaji anajua kuna mtu anamtazama kwa ajili ya usajili. Wiki inayofuata anakuja mgeni asiye na jina, jukwaa tupu, unamsikia kocha akiwaita wachezaji mmoja mmoja. Mechi inachezwa kwa mwendo wa mazoezi. Kwa hiyo simlaumu mchezaji peke yake. Kwangu nimeweka sheria: timu ya mkoa ikicheza na yeyote yule, nyumba nzima inavaa ya mkoa. Mdogo wangu bado ananuna.

Mdau wa Kibaigwa: Kwangu ni mfuko. Nauli, kiingilio, na soko la mahindi nimelifunga mchana kutwa. Halafu narudi na suluhu!

Dada wa Area C: Ushabiki nimerithi kwa baba, yeye ni wa enzi za timu zetu za zamani, CDA na Polisi Dodoma. Nikimpigia baada ya mechi hanisalimu vizuri, anauliza kwanza: "Nani walianza?" Anasema timu isiyo na kumi na mmoja wa kudumu haiwezi kuwa na matokeo ya kudumu. Nikaanza kufuatilia, mzee wangu yuko sahihi. Mabeki wa kati wanabadilishwa ovyo, na dirisha dogo la usajili wa katikati ya msimu likifunguliwa wale walioanza kuzoeana wanatawanyika. Kelele zote tunawapigia washambuliaji, kumbe tatizo liko nyuma.

Mdau wa Singida: Nyie mnalia na matokeo, sisi huku timu yenyewe haitulii. Mwaka 2018 Singida United ilifika fainali ya Kombe la FA pale Arusha, tukafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Mji mzima ulijua mwaka unaofuata ni wetu. Msimu wa 2019/20 ikashuka daraja. Baadaye ikaja Singida Big Stars, 2022/23 ikamaliza nafasi ya nne na kwenda kimataifa. Ikabadilishwa jina, ikaitwa Singida Fountain Gate, kisha ikahama mkoa. Sasa tunayo Singida Black Stars, ambayo imetokana na Ihefu ya Mbarali. Mwanangu alifungua kabati akakuta jezi zote hizo, akaniuliza, "Baba, yetu ni ipi?" Nikamwambia yoyote inayocheza uwanja wetu wa Liti ni yetu, na nitakwenda kuishangilia. Ila ile fainali ya Arusha bado inanikaa kooni.

Mdau wa Manyoni: Msisahau barabara, ndugu zangu. Timu inatoka Bukoba kwa basi, siku chache baadaye inatakiwa uwanjani. Miguu ya kukimbia dakika za themanini itatoka wapi?

Mwenye uzi: Mdau wa Manyoni, hilo la safari nalikubali kwa mechi za ugenini. Ile sare yetu tulikuwa nyumbani. Dada wa Area C, mpe mzee shikamoo yangu, na ukiweza tuandikie zaidi kuhusu Polisi Dodoma, vijana wengi humu hawaijui. Mechi ijayo ni Dar, mimi nashuka na treni ya SGR asubuhi. Anayekwenda aseme mapema tukate tiketi behewa moja.