Laptopu ya ARM kwa duka la kuchapa Lamu: ninunue sasa?

ChapaLangoni
Asalaam aleikum jamaa. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Langoni, hatua chache kutoka baharini. Wiki jana laptopu yangu ya tatu imekufa. Fundi alipoifungua, vibati vya shaba vya kupozea vilikuwa vimeota ukoko wa kijani, na feni imegandana kwa vumbi na chumvi. Kusi ikivuma, feni ndiyo inayoivuta chumvi ndani! Nasikia prosesa za ARM, jamii ya hizi za kwenye simu, hazipati moto sana. MacBook Air ya 2020, yenye M1, prosesa ya ARM ya Apple, haina feni kabisa. Tena umeme ukikatika inakaa na chaji. Akiba ninayo, lakini ni ya mara moja. Je, x86, yaani prosesa za kawaida za Intel na AMD, ndiyo inaondoka?

FundiMalindi
Waaleikum salaam, ami. Haiondoki leo wala kesho. Na si kila ARM haina feni: laptopu nyingi za prosesa ya ARM ya Snapdragon X zilizotoka 2024 zinayo. Kabla hujatoa pesa, printa yako ni ipi? Windows ya ARM huweza kuendesha programu nyingi za x86 kwa kuziiga, lakini draiva, ile programu ya kuendeshea printa au skana, haiigiki, sharti iwe imeandikwa kwa ARM. Nililetewa moja hapa, kila kitu sawa, skana ya zamani ikagoma katakata. Na kwenye M1 memori imefungwa pamoja na prosesa. Ukichukua GB 8, ni hizo hizo mpaka mwisho.

ChapaLangoni
Printa ni ya leza, ya zamani, na ndiyo inayonilisha. Hapo umenishitua.

BintiShela
Kaka, Apple imehama prosesa mara tatu: 1994, 2006 na 2020. Kila mara programu za zamani hubebwa miaka kadhaa, kisha huachwa. Kwa hiyo usitupe cha zamani. Printa iache kwenye kompyuta ya mezani, uishiriki kwa mtandao wa duka, laptopu mpya iwe ya kuandikia. RISC-V, muundo mwingine wa prosesa ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, naipenda sana kwa kuwa muundo wake hauna ada ya leseni, ila kwa duka bado mapema.

ChapaLangoni
Ahsante dada. Ya mezani iko stoo, imefunikwa kanga. Kesho baada ya alfajiri naiwasha.