Nahodha akisema "nimekodiwa tu", mahkama itajuaje kama alijua?

Tunguu_LLB
Asalaam alaykum wakubwa. Tuseme boti ya faiba imetoka upande wa Vanga, pwani ya Kenya, KMKM (kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo) wakaikamata usiku nje ya Wete na abiria 14 wasio na pasi. Nahodha anasema amekodiwa tu, karatasi za watu hazimuhusu. Hakukiri. Upande wa mashtaka unathibitishaje kuwa alijua?

Wakili_Vuga
Waalaykum salaam. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hivyo Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inafika hadi Pemba. Angalia kifungu cha 46, cha kusafirisha wahamiaji kwa magendo. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2000 dhidi ya magendo hayo inataka kosa liwe la makusudi, na kwa ajili ya fedha au faida nyengine. Ila mkataba mama wake (wa uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka), ibara ya 5(2), unaruhusu kujua na nia vithibitishwe kutokana na mazingira ya tukio.

Mimi ningeanza na nauli. Akilipwa mara kadhaa ya nauli ya kawaida, ziada ile ni ya nini? Lakini mleteni shahidi wa bandarini aitaje nauli ya kawaida, hakimu hawezi kuikisia. Kisha: taa zilizimwa? Watu walilazwa chini ya turubai? Orodha ya abiria haipo? Chombo kilielekea bandari bubu ilhali bandari rasmi iko jirani? Kila moja peke yake lina jibu lake (turubai ni la mawimbi, taa mbovu). Kipimo ni kile cha kesi ya Simon Musoke, 1958: ushahidi wa mazingira usiache maelezo mengine ya maana isipokuwa hatia.

Chake_Mashtaka
Naongeza. Kukimbia msikutegemee sana. Mwenye magendo ya karafuu naye huwakimbia KMKM.

Kinachoziua kesi hizi ni abiria kurejeshwa kwao kabla ya kutoa ushahidi dhidi ya nahodha. Hao ndio wanaojua nani alipokea pesa na nani aliwaambia "laleni, msiseme kitu". Na mkalimani aliyetumika kituoni naye aorodheshwe kuwa shahidi, bila ya yeye maelezo yao ni uvumi tu. Simu ya nahodha iandikiwe hati ya ukamataji palepale, na kila anayeipokea asaini. Ikizunguka mikononi bila ya maandishi, ujumbe uliomo utapingwa.

Tunguu_LLB
Ahsanteni. Na kama kweli hakuuliza?

Wakili_Vuga
Kutouliza kwa uzembe hakutoshi. Inabidi ionekane alishuku, akaacha kuuliza kusudi ili asijue. Huko ndiko kujifumbia macho, na mahkama hukuchukulia sawa na kujua. Tahadhari na hukumu za Marekani: sheria yao inamtia hatiani hata aliyepuuza waziwazi uwezekano kuwa watu hao wanaingia kinyume cha sheria, bila ya kujua khasa. Ukizinukuu mahkamani bila ya kuonesha tofauti hiyo, wakili wa upande wa pili atazibomoa kwa swali moja.