Ushauri: Mashine za eksirei zinaletewa akili mnemba. Mimi mkaguzi nisome au nikauze dagaa?

Kadogo wa Pasiansi (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Mimi ni binti wa hapa Mwanza. Kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini ya eksirei na kuamua begi la abiria lipite au lifunguliwe. Ofisi siitaji, na mambo ya ndani ya kazi msiniulize, siwezi kuyaweka hapa. Mkataba wenyewe ni ule wa kuongezewa ongezewa.

Majuzi tulikuwa kwenye semina. Mtoa mada akatuwekea video ya mashine inayochora kisanduku chekundu kuzunguka kisu ndani ya begi, jicho la mtu bado halijakifikia. Akatania kwamba miaka ijayo nyie mtakuwa mnakunywa chai tu. Watu wakacheka. Mimi nikaanza kupiga hesabu ya kodi ya nyumba.

Nina akiba kidogo. Kaka yangu ananiambia nisome diploma ya kompyuta jioni, hapa hapa mjini. Mama naye kaona kizimba pale soko la Mwaloni Kirumba, mwenye nacho anahamia Geita, Mama anataka nikichukue niuze dagaa. Hela ya kufanya yote mawili sina.

Ninachouliza: hii akili mnemba itatuondoa kweli? Na kama haituondoi, nisome nini? Natanguliza shukrani. Wenye matusi nendeni uzi wa mpira.

Mzee wa Mwaloni

Chukua kizimba mwanangu. Sijawahi kuona kompyuta ikianika dagaa.

Fundi Data

Mzee, dagaa nao wana mvua na mbalamwezi, tusimpeleke mtoto huko kwa utani.

Dada Kadogo, hiyo video si uongo. Lakini kwanza ujue kompyuta haikuingia jana kwenye kazi yenu. Marekani baada ya Septemba 11 walipitisha sheria mwaka 2001 kwamba mizigo yote inayoingia tumboni mwa ndege ikaguliwe kwa mitambo ya kugundua vilipuzi, mwisho wa mwaka 2002. Mitambo hiyo inapima uzito wa kitu kwa ujazo wake, ikiona kinafanana na kilipuzi inapiga kengele yenyewe. Zaidi ya miaka ishirini imepita na bado shirika lao la usalama wa usafiri, TSA, lina wakaguzi zaidi ya elfu arobaini. Kwa nini? Kwa sababu kengele ikilia lazima awepo mtu wa kusema hii ni siagi ya karanga au si siagi ya karanga.

Kilichobadilika sasa ni kwamba programu zinafundishwa kwa picha. Unaipa picha nyingi za mabegi, zilizowekewa alama "hapa pana kisu, hapa pana bastola", nayo inajifunza umbo. Mwaka 2017 Wamarekani waliweka shindano la wazi kwa waandika programu, zawadi dola milioni moja na nusu, kwa atakayepunguza kengele za uongo kwenye skana za mwili. Zingatia walichokuwa wanakilipia: kupunguza kengele za uongo. Hapo ndipo panapowauma.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme mabegi elfu kumi, na lenye hatari kweli ni moja. Mashine ikikosea asilimia tano tu ya mabegi safi, una mabegi karibu mia tano ya kufungua ili ulipate hilo moja. Nani atayafungua?

Jicho Kavu

Nimefanya kazi hiyo hadi nimestaafu, kwa hiyo nitaongea kama mtu wa kiti kile.

Adui wa mkaguzi ni uzoefu wa kutokuona kitu. Ukikaa siku nzima unaona nguo, viatu, chaja, nguo, viatu, chaja, ubongo unaacha kutafuta, ingawa macho yako wazi. Hili limepimwa. Kuna utafiti wa Jeremy Wolfe na wenzake, ulitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2005. Watu walitafuta picha za zana katikati ya mrundikano wa vitu. Zana ilipokuwepo nusu ya mara zote, waliikosa asilimia 7. Ilipokuwepo mara moja kwa mia, waliikosa asilimia 30. Watu wale wale, macho yale yale.

Ndiyo maana Ulaya kanuni inasema mtu asiangalie picha za eksirei mfululizo zaidi ya dakika 20 kwa kawaida, kisha asiangalie picha kwa angalau dakika 10. Na ndiyo maana ya ule mfumo wa TIP, unaochomeka picha ya silaha ya bandia kwenye begi la kweli ili kumshtua mkaguzi na kumpima. Mimi nilikuwa nauchukia. Baadaye nikaelewa kwamba ndio ulikuwa unaniamsha.

Sasa hiyo akili mnemba haichoki wala haisinzii saa tisa mchana. Mimi ningeipokea kwa mikono miwili. Lakini kazi yake ninayoiona ni kukugusa bega na kukwambia "hebu angalia pale". Ukianza kuiachia iamue, umerudi kule kule kwa ubongo unaoacha kutafuta, na safari hii una kisingizio.

Kadogo wa Pasiansi

Asante mzee wangu Jicho Kavu, shikamoo. Saa tisa mchana umenimaliza.

Niulize kitu. Sisi kwenye skrini vitu vya asili ya chakula, nguo na mbao vinatoka rangi ya machungwa, chuma bluu, vya katikati kijani. Hilo si siri, lipo kila mahali. Sasa mizigo ya huku mnaijua. Boksi la minofu ya sangara na barafu linatoka bonge moja la machungwa, zito, huoni mbele wala nyuma. Mfuko wa dagaa unajaa skrini nukta nukta. Halafu kuna watu wa visiwani wanaosafiri na taa za kuvulia dagaa, hizi zilizochukua nafasi ya karabai: betri, nyaya, vipande vya saketi, vyote vimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. Mara ya kwanza kuona mzigo wa hivyo moyo ulinipasuka. Sasa hivi nikiuona najua huyu ni mvuvi, ingawa utaratibu wa kuufungua uko pale pale.

Mashine iliyofundishwa nje ya nchi italijua hilo?

Fundi Data

Haitalijua. Umeniwahi, maana hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Programu inajua ilichooneshwa. Mkusanyiko mmoja mkubwa wa picha za namna hiyo ulio wazi kwa watafiti unaitwa SIXray, ulitolewa na Wachina mwaka 2019. Una picha zaidi ya milioni moja, zilizopigwa kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Zenye vitu vilivyokatazwa hazifiki elfu tisa. Na vitu vyenyewe ni bastola, visu, spana, koleo, mikasi na nyundo. Ni mabegi ya mtu wa mjini anayewahi kazini. Humo hamna boksi la sangara, hamna mchele wa Magu kwenye gunia, hamna taa ya mvuvi wa Ukerewe.

Ukiileta mashine hiyo Mwanza bila kuifundisha upya, moja ya mawili: itapiga kengele kwa kila mvuvi mpaka wakaguzi waizoee na kuipuuza, au bonge la machungwa litaificha kitu. Hilo la kwanza ni baya kuliko linavyosikika. Kengele inayolia ovyo inafundisha watu kutosikia.

Kwa hiyo lazima awepo mtu wa hapa anayesema "hii ni taa ya dagaa, hii siyo", picha baada ya picha, na kuweka alama. Mwandika programu wa Shanghai au Boston hawezi. Mimi mwenyewe naishi Nyegezi, najua programu, na siwezi, kwa sababu sijawahi kukaa kwenye kiti chako.

Pilato

Msimjaze binti upepo. Mnazungumza kana kwamba mwajiri anaangalia ubora. Mwajiri anaangalia mishahara.

Wenzetu Ulaya kuna viwanja vya ndege ambavyo mkaguzi wa picha hakai tena kwenye mstari wa abiria. Picha za mistari kadhaa zinakwenda chumba kimoja, anayepata nafasi anaangalia inayofuata. Ukiongeza akili mnemba inayopitisha zile nyepesi, waliokuwa watano wanabaki watatu. Hakuna atakayefukuzwa kwa kelele, mikataba tu haitaongezwa. Na Kadogo kasema wazi mkataba wake ni wa kuongezewa.

Jicho Kavu

Pilato amesema kweli na sitampinga. Ninachoongeza ni kwamba mambo haya hayaendi mbio kama wauzaji wa mashine wanavyosema. Uwanja wa London City mwaka 2023 uliweka skana za CT, zinazozunguka mzigo na kutoa picha ya pande zote kama zile za hospitali, wakawaambia abiria kikomo cha mililita 100 za vimiminika kimekwisha. Kikomo hicho kilikuwepo tangu 2006. Haukupita muda mrefu, mwaka 2024 serikali zikakirudisha kwenye viwanja vyenye skana hizo, kule Uingereza mwezi Juni na Umoja wa Ulaya kuanzia Septemba. Mashine zilikuwa pale pale, zimelipiwa, na abiria wakaambiwa tupeni chupa.

Huku kwetu ongeza bajeti, vipuri, umeme na vibali. Una muda, ila si wa kulala.

Mama Ntilie wa Igoma

Samahani nauliza tu, pawabanki inawekwa kwenye begi gani? Kila safari napata jibu tofauti.

Kadogo wa Pasiansi

Mama, begi la mkononi, unaingia nalo ndani. Usiiweke kwenye mzigo unaokabidhi. Betri za lithiamu zikishika moto ndani kule juu watu wanaona na kuzima, tumboni mwa ndege hakuna mtu. Angalia na ukubwa wake: isizidi wati-saa 100, zaidi ya hapo uliza shirika la ndege kwanza.

Jicho Kavu

Umeona ulivyomjibu? Hiyo ndiyo kazi yako.

Ushauri wangu sasa. Diploma ya kompyuta ya jumla sikushauri. Utamaliza ukute uko nyuma ya vijana waliokaa na programu tangu kidato cha nne, na ule uzoefu wa skrini umeuacha. Kaa kwenye usalama wa anga, panda ngazi. Kiambatisho cha 17 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka mkaguzi awe na cheti, na cheti kinahuishwa. Maana yake wakufunzi na wasimamizi wa ubora watahitajika hata mashine zije. Chuo cha Usafiri wa Anga kule Dar, kilicho chini ya TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, kina kozi za eneo hilo. Waulize kuhusu ukufunzi, na muulize mwajiri kama anaweza kukupeleka, kabla hujagusa akiba.

Fundi Data

Naunga mkono, na naongeza kidogo: jifunze takwimu za msingi. Huhitaji kuandika programu. Ujue tu kengele ya uongo ni nini, kukosa ni nini, na mashine ikishushiwa ukali kipi kinapanda na kipi kinashuka. Hilo nitakufundisha bure Jumamosi mbili tatu, njoo na daftari. Siku muuzaji akija na video yake, wewe umuulize: hiyo asilimia tisini na kitu mliipima kwa mabegi ya wapi?

Pilato

Na akijibu "ya kwetu", mwambie aache mashine mwezi mmoja ijaribiwe kwa mizigo ya hapa bila kulipwa. Wengi watapotea hapo.

Kadogo wa Pasiansi

Wabeja sana wote. Nimeongea na Mama jioni hii. Kizimba atakichukua yeye na shangazi, mimi nitachangia kidogo, ili Pilato akiwa sahihi nisikute mlango umefungwa. Jumatatu naulizia habari ya kozi ya ukufunzi kazini. Fundi Data, nakuja inbox tupange hizo Jumamosi, ila si wiki hii, niko shifti ya usiku.

Mzee wa Mwaloni

Mwambie mama yako akiulizia kizimba aangalie paa kwanza. Vile vya upande wa ziwa vinavuja, na mwenye kuhama hawezi kumwambia.