Tupeane uzoefu: Domeni ni yako, seva inasema ipo kwenye akaunti ya mtu mwingine

FundiKariakoo (mwanzisha mada):
Wakuu habari za jioni. Nina mteja wa duka la vipuri, domeni yake (jina la tovuti) ya .co.tz analipia mwenyewe kila mwaka na risiti anazo. Tumefungua akaunti mpya kwenye kampuni ileile ya hostingi (inayohifadhi tovuti) aliyokuwa anatumia, nikaingia cPanel, ule ukurasa wa kusimamia akaunti, kuongeza domeni, ikagoma: tayari ipo. Kumbe jamaa aliyemtengenezea tovuti ya kwanza aliichomeka ndani ya akaunti yake pamoja na za wateja wengine, na sasa hapokei simu. Waliopitia hili mlitokaje? Sitaki nadharia, nipeni mlivyofanya.

BintiSeva:
Pole mkuu. cPanel haijui mwenye mali ni nani. Inachojua ni kwamba domeni moja haikai kwenye akaunti mbili za seva moja, basi. Hata jamaa akifungiwa akaunti kwa kutolipa, domeni bado imo humo. Mimi niliwaandikia wahudumu kwa imeili ileile iliyosajili domeni, wakanipa rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi wa kuthibitisha, niiweke kwenye DNS, ile orodha inayosema tovuti na imeili za domeni ziko wapi. Walipoiona, wakaing'oa domeni kule.

FundiKariakoo:
Dada, DNS yenyewe iko kwenye akaunti ya jamaa. Hiyo TXT naiweka wapi?

BintiSeva:
Kwa msajili, yaani pale domeni inapolipiwa, unabadilisha seva za majina (zinazoshika hiyo DNS), unazielekeza kwingine, mfano Cloudflare akaunti ya bure, kisha unaiweka huko. Lakini nakili kwanza rekodi zote, hasa MX, inayosema imeili zipelekwe seva gani. Ukihama bila MX, kesho asubuhi mteja anakuuliza oda zake ziko wapi.

MzeeWaBaruapepe:
Afadhali nyie mnaokataliwa waziwazi. Sisi tulihamia kampuni nyingine kabisa, tovuti ikawaka vizuri, imeili zikawa zinaingia. Isipokuwa za msambazaji mmoja wa Mwanza. Anaapa ametuma ankara, huku hakuna kitu, na kwake hakuna ujumbe wowote wa kurudishwa. Nikijitumia kutoka Gmail inafika saa hiyohiyo. Tuliwasumbua kampuni mpya bure tu, maana kosa halikuwa kwao. Msambazaji alikuwa kwenye seva ileile tuliyoihama, na akaunti yetu ya zamani ilikuwa haijafutwa. Seva ikiona barua ya domeni inayoamini ni ya kwake, haiangalii MX, inaitumbukiza kwenye sanduku la zamani. Ankara zote zilikuwa zimelala humo, hazijafunguliwa! Dawa ni domeni iondolewe kule, au kwenye mpangilio wa barua wa cPanel ya zamani ibadilishwe kutoka Local (barua zinakaa hapahapa) iwe Remote (zinapelekwa nje). Kwa hiyo hata kama umefanikiwa kuhama, hakikisha kule nyuma umefutwa.

MkaaThika:
Huku Kenya yetu ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ile .co.ke ilisajiliwa kwa jina la ajensi. Risiti tulikuwa nazo, lakini kampuni ya hostingi ilituambia wazi: kwetu mwenyewe ni aliyeandikwa kwenye usajili. KeNIC, wanaosimamia majina ya .ke, wana utaratibu wao wa migogoro ya majina, na tulikuwa tayari kuufuata. Mwishowe mkubwa wa ajensi alikubali kusaini barua ya kutuhamishia baada ya kuona jina kwenye cheti chetu cha biashara ni lilelile la domeni. Kelele tulizopiga WhatsApp hazikusaidia kitu.

Chekibob:
Microsoft 365 nako ni hivyohivyo. Mfanyakazi aliyeondoka alikuwa amejifungulia huduma ya bure kwa imeili ya ofisi, domeni ikashikwa huko. Tuliweka TXT inayoanza na MS=ms, tukapewa uongozi wa akaunti. Hakuna aliyeombwa risiti.

FundiKariakoo:
Shukrani wakuu. Mteja kampigia msajili: jina ni lake, ila imeili iliyoandikwa ni ya jamaa.

BintiSeva:
Basi usiguse hostingi kwanza. Ukibonyeza "nimesahau nywila" kwa msajili, linki inaenda kwa jamaa na unakuwa umemshtua. Mteja aende kwa msajili na kitambulisho na leseni ya biashara, abadilishiwe imeili. Hiyo ikikaa sawa, nywila mpya, halafu seva za majina, halafu TXT. Na domeni ikiisha muda karibuni, alipie leo.